Je, Yafaa Mkristu Avae Msalaba?

Somo kwa Wakatekumeni

Katika kijiji kimoja kando ya njia iendayo kutoka Kasongo mpaka Kabambare, mama mmoja mkatekumeni alimjia katekista mzee asubuhi na mapema. Mkononi alishika msalaba mdogo wa mti wenye uzi mweusi. Akauweka juu ya meza, akasema, «Mwalimu, nakurudishia msalaba huu. Hauna nguvu.»

Katekista alimkaribisha, akampa kiti, akamwuliza habari za nyumbani. Ndipo mama akaeleza shida yake. Mtoto wake alishikwa na homa. Bibi yake mtoto akamfunga hirizi shingoni. Mama hakuridhika, kwa kuwa alikwisha kufundishwa kwamba mkatekumeni huacha mambo hayo. Basi akaikata ile hirizi, akavua msalaba wake mwenyewe, akaufunga mahali pale pale. Kisha akakaa akingoja. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili, homa haikutoka. Usiku wa tatu mtoto akaanza kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka.

Katekista hakumkaripia. Aliuliza neno moja tu: «Mtoto yuko wapi sasa?» Aliposikia kwamba yuko nyumbani na bibi yake, alisimama, akachukua baiskeli yake, wakamwendea mtoto, wakampeleka kwenye kituo cha afya. Huko mwuguzi alimtazama, akampa dawa ya malaria, akamlaza. Walipokuwa wakingoja barazani, ndipo katekista aliporudia neno la msalaba. Alisema, «Mama, uliikata hirizi, lakini hukuiacha. Ulifanya msalaba uwe hirizi ya pili.»

Wakatekumeni wapenzi, neno hili lawahusu wengi. Wako wanaotaka msalaba kabla ya kujua maana yake. Wako wengine wanaoogopa kuuvaa kwa ajili ya jamaa zao. Na wako wanaouliza kama ni lazima. Yafaa kuyatazama maswali haya moja moja.

1. Msalaba ulikuwa alama ya nini?

Zamani za Warumi msalaba haukuwa pambo. Ulikuwa adhabu ya watumwa, ya wanyang'anyi na ya waasi. Raia wa Roma kwa desturi hakusulubiwa. Aibu hiyo iliwekwa kwa watu wasiohesabiwa kuwa kitu. Yezu Kristu, Mwana wa Mungu, alikubali kufa kifo cha mtumwa.

Watu wa Maniema waweza kulifahamu jambo hili kuliko wengi. Kabla ya mwaka 1893 Kasongo ulikuwa mji mkubwa wa biashara ya pembe na ya watumwa, na jina la Tippu Tip lilijulikana toka hapa mpaka pwani. Misafara ilipita Kabambare ikielekea Ujiji, na watu walitembea wamefungwa minyororo shingoni. Tuseme leo mtu angevaa shingoni pete moja ya mnyororo ule. Wenzake wangemwuliza, «Kwa nini wavaa aibu ya babu zetu?» Naye angejibu, «Kwa sababu yuko mmoja aliyejitia katika mnyororo huu kwa hiari yake, ili mimi nifunguliwe.» Hivyo ndivyo Mkristu anavyosema avaapo msalaba. Asiyeweza kusema hivyo bado hajajua amevaa nini.

Kwa sababu ya aibu ile Wakristu wa kwanza hawakufanya haraka kuutundika shingoni. Waliuchora kwa kidole katika paji la uso. Miaka kama 200 baada ya kuzaliwa kwa Yezu, Tertuliano wa Karthago, mji wa Afrika ya Kaskazini, aliandika kwamba Wakristu walijitia alama hiyo wakiingia na wakitoka, wakivaa nguo, wakikaa mezani na wakienda kulala. Katika karne ya 4 Mfalme Konstantino aliiondoa adhabu ya kusulubisha, na polepole watu wakaanza kuonyesha msalaba mbele ya wote. Mtakatifu Makrina alipofariki mwaka 379, ndugu yake Gregori, askofu wa Nisa, aliandika kwamba walimkuta na msalaba shingoni. Makrina alitoka katika jamaa ya matajiri, lakini msalaba wake ulikuwa wa chuma tu.

2. Msalaba si hirizi

Katika Agano la Kale twasoma kwamba Waisraeli waliumwa na nyoka jangwani, na Mungu akamwamuru Musa kutengeneza nyoka wa shaba na kumweka juu ya mti. Aliyemtazama kwa imani alipona. Yezu mwenyewe alimweleza Nikodemo kwamba nyoka yule alikuwa mfano wake yeye, atakayeinuliwa juu ya msalaba.

Lakini mambo hayakuishia pale. Waisraeli walimtunza nyoka wa shaba miaka mingi, hata wakaanza kumfukizia ubani kana kwamba yeye ndiye mwenye kuponya. Basi mfalme Hezekia, mtu mwema aliyemcha Mungu, alimvunja vipande vipande. Kitu kilichotengenezwa kwa amri ya Mungu kilivunjwa kwa sababu watu walikisahau kilichokuwa nyuma yake. Hata msalaba waweza kuharibiwa hivyo moyoni mwa mtu. Mti ni mti, na chuma ni chuma. Anayeokoa ni Yule aliyetundikwa.

Eklezia huviita visakramenti vitu kama msalaba uliobarikiwa, medali, skapulari na maji ya baraka. Visakramenti si Sakramenti. Havitii neema kwa nguvu zao, ila kwa sala ya Eklezia humweka mtu tayari kuipokea neema ya Mungu na kushirikiana nayo. Katekisimu kubwa ya Eklezia, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha waziwazi kwamba kuvaa hirizi ni kosa. Yafundisha tena kwamba mtu akitegemea kitu cha nje tu katika ibada, bila moyo unaotakiwa, ameanguka katika ushirikina.

Mtu aweza kuuliza, «Vyote viwili hufungwa kwa uzi, vyote viwili hukaa shingoni. Tofauti iko wapi?» Tofauti ni hii. Hirizi haimwulizi mtu anaishi namna gani. Mwizi aweza kuivaa aendapo kuiba. Mwenye chuki aweza kuivaa aendapo kumdhuru jirani. Msalaba humwuliza mtu kila siku: Je, umesamehe? Je, umesema kweli? Je, umemtendea mke wako vema? Tena hirizi humwahidi mtu kwamba hatapata taabu. Yezu hakuahidi hivyo. Yeye alisema kwamba anayetaka kumfuata na auchukue msalaba wake kila siku. Kwa hiyo anayeuvaa msalaba ili asipate taabu amegeuza maneno ya Bwana.

Na mgonjwa je? Mkristu humwombea mgonjwa, humtia ishara ya msalaba, humwita padri, na papo hapo humpeleka kwa mwuguzi. Dawa nayo ni kipaji cha Mungu. Anayemwacha mtoto nyumbani kwa sababu amemfunga msalaba hakuonyesha imani. Amemjaribu Mungu, na mtoto ndiye aliyelipa.

3. Je, ni lazima kuvaa msalaba?

Hapana. Hakuna amri ya Mungu wala ya Eklezia inayomlazimisha kila mwamini kuvaa msalaba shingoni. Alama isiyofutika tunaipata katika Ubatizo, nayo haionekani kwa macho. Mkristu asiye na msalaba kifuani si Mkristu nusu. Wako pia Wakristu wa makanisa mengine wasiovaa msalaba. Tusiwadharau, wala tusiwahukumu mioyo yao.

Lakini yafaa kuuvaa. Mwanadamu ana mwili na roho, naye husaidiwa na kitu anachokiona na kukishika. Wazee wa Maniema waliwaona Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie wakivaa kanzu nyeupe na rozari shingoni, wakawatambua kwa mbali. Katika misioni zao nyingi mtu aliyeanza kufundishwa dini alipewa medali ya Bikira Maria miaka kadhaa kabla ya kubatizwa. Katika ibada ya kuwapokea wakatekumeni, iliyotengenezwa upya mwaka 1972, padri huwatia alama ya msalaba katika paji la uso. Aweza pia kuitia katika masikio, macho, midomo, kifua na mabega. Tena kuna ruhusa ya kuwapa msalaba wa kuvaa.

Mkatekumeni afikiri vema juu ya alama hizo. Masikio yametiwa msalaba ili yasikie neno la Mungu. Midomo, ili isitukane. Mabega, ili yachukue mzigo. Msalaba wa kifuani wamkumbusha viungo vyote vilivyokwisha kutiwa alama. Anayeuvaa msalaba mchana, na usiku akauficha mfukoni ili aende kwa mganga kuagua, amesahau mabega, amesahau midomo, amesahau masikio. Vivyo hivyo anayeuvaa kama pambo tu, apate kusifiwa. Yezu aliwakemea Mafarisayo waliopanua vitu vyao vya ibada ili watu wawatazame.

4. Mwenye Heri Isidore Bakanja

Katika nchi yetu ya Kongo yuko kijana aliyeulizwa swali hili si kwa karatasi, bali kwa mjeledi. Jina lake Isidore Bakanja. Alizaliwa karibu na mwaka 1887 katika nchi za Ekweta, akaenda kufanya kazi ya kusaidia waashi. Huko alisikia habari za Yezu, akafundishwa na wamisionari Watrapisti, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Alipewa rozari na skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Skapulari si msalaba. Ni vitambaa viwili vidogo vilivyoungwa kwa kamba. Lakini Bakanja aliichukua kuwa alama yake ya Ukristu, na mahali asipokuwapo padri aliwafundisha wenzake kusali.

Baadaye alikuwa mtumishi wa nyumbani katika shamba la mpira, mahali paitwapo Ikili. Meneja wa shamba aliichukia dini na wamisionari. Alimwamuru Bakanja aache kuwafundisha wenzake sala, na aiondoe skapulari. Bakanja alimtii bwana wake katika kazi zote, lakini katika neno hili hakutii. Mwaka 1909 meneja aliivuta skapulari na kuipasua shingoni mwake, akaamuru apigwe. Alipigwa viboko zaidi ya mia moja kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari. Mgongo wake ukawa jeraha moja. Kisha akafungwa miguu kwa mnyororo.

Vidonda vilioza. Aliishi miezi sita katika maumivu. Wamisionari walipomfikia mwezi wa Julai walimpa Sakramenti, wakamwomba amsamehe aliyempiga. Bakanja alijibu kwamba amekwisha kumsamehe, na kwamba atamwombea mbinguni. Akafa tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, rozari mkononi na skapulari shingoni. Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Angalieni mambo mawili. La kwanza, aliyempiga hakuwa Mwislamu wala mpagani wa kijijini. Alitoka Ulaya, katika nchi iliyojaa makanisa na misalaba. Wingi wa misalaba katika nchi haufanyi mioyo kuwa ya Kikristu. La pili, skapulari haikumkinga Bakanja na kiboko hata kimoja. Kama ingalikuwa hirizi, angalisema, «Haina nguvu,» angaliitupa. Lakini yeye hakuivaa ili asipigwe. Aliivaa kwa sababu alikuwa mtu wa Kristu, na nguvu yake ikaonekana pale aliposamehe.

Mfano mwingine uko karibu zaidi, upande wa mashariki wa Kabambare. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa maasi, wamisionari watatu Waksaveri na Padri Albert Joubert, mzaliwa wa Kongo, waliuawa huko Baraka na Fizi. Yasimuliwa kwamba Padri Giovanni Didonè alipofungua mlango na kuiona bunduki, alifanya ishara ya msalaba, kisha akapigwa risasi. Wote wanne walitangazwa kuwa Wenye Heri huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Ishara ile ya mwisho haikuhitaji uzi wala chuma. Ilihitaji mkono uliokwisha kuzoea.

5. Kuvua msalaba ni kosa lini?

Kijana mmoja mkatekumeni ana mjomba wake Mwislamu, mwenye duka katika mji wa Kasongo. Mjomba huyo alimlea kwa wema tangu babaye alipofariki, akamlipia masomo. Sasa amemwita dukani amsaidie kazi. Kijana anajiuliza kama auvue msalaba wake mlangoni.

Jibu halikosi kupima. Kuvua msalaba wakati wa kuoga, wa kulala au wa kazi ya mashine si kosa lo lote. Kuuweka chini ya shati ili kulinda amani ya nyumba, hilo nalo si kumkana Kristu. Mjomba akisema, «Mwanangu, nakuomba usiuonyeshe mbele ya wageni wangu,» kijana amsikilize kwa heshima, na amweleze kwa upole kwamba yeye anafundishwa dini ya Kikristu. Asiutoe msalaba nje kwa kuwachokoza watu. Msalaba si kitu cha kugombania. Yezu hakutundikwa ili tuwashinde jirani zetu, bali ili wao na sisi tupatanishwe na Mungu.

Lakini mtu akimwambia, «Uvue, useme wewe si mfuasi wa Kristu,» hapo si neno la uzi tena. Hapo ni neno la kukiri au kukana, na Bwana alisema kwamba atakayemkana mbele ya watu naye atamkana mbele ya Baba yake. Hapo kijana hana budi kusimama mahali aliposimama Bakanja: atii katika kazi, akatae katika imani, asamehe moyoni.

Na hata kabla ya kuulizwa na mtu, ajichunguze. Kama anauficha kwa ajili ya amani, vema. Kama anauficha kwa sababu anaona haya kuwa wa Yezu, basi hatari si dukani kwa mjomba, imo ndani yake mwenyewe. Azungumze na katekista wake kabla ya siku ya Ubatizo, wala asione haya kusema hofu yake.

6. Mwisho wa habari ya mama

Siku ya nne mtoto aliomba uji. Mama alirudi kwa katekista, akauona msalaba wake ungali juu ya meza. Akasema, «Mwalimu, nipe, nimekosa.» Katekista hakumpa mara moja. Alimwuliza, «Binti yangu, kama mtoto angalikufa, ungaliutaka tena?»

Mama alinyamaza kwa kitambo. Kisha akajibu polepole, «Ningalilia sana. Lakini Maria pia alisimama chini ya msalaba wa mwanawe, wala hakuondoka.»

Hapo katekista akauchukua ule msalaba, akamvika. Jioni ile, kabla ya kumlaza mtoto, mama hakumfunga kitu cho chote shingoni. Alimtia ishara ya msalaba katika paji la uso kwa kidole chake, kama Wakristu wa kale, akampa kidonge kilichobaki. Bibi yake mtoto alikuwa akitazama. Kesho yake aliuliza maana ya ile ishara, na mama akaanza kumweleza.

Maswali ya kujibu nyumbani

1. Msalaba ulikuwa adhabu ya watu gani katika utawala wa Warumi?
2. Kwa nini mfalme Hezekia alimvunja nyoka wa shaba?
3. Eleza tofauti mbili kati ya msalaba na hirizi.
4. Skapulari haikumkinga Bakanja na viboko. Basi kwa nini aliishika?
5. Kuuweka msalaba chini ya shati si kosa siku zote. Huwa kosa wakati gani?

Azimio la juma hili

Kila asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, mkatekumeni afanye ishara ya msalaba pasipo haraka, akifikiri mtu mmoja anayepaswa kumsamehe. Kama nyumbani mwake kuna hirizi, ampelekee katekista au padri, iondolewe. Na mahali pale palipofungwa hirizi asifunge kitu kingine, mpaka ajue kueleza kwa maneno yake mwenyewe ni nani aliyekufa msalabani, na kwa ajili ya nani.